Tujitayarishe kwa Maji Wakati wa Kiangazi

Mtoto anapokufa maji katika miji na vijiji vyetu vya Shinyanga na Geita, Waislamu hukusanyika, maiti hukoshwa, husaliwa na kuzikwa, kisha wafiwa huliwazwa kwa kukumbushwa kwamba aliyekufa maji ana daraja ya shahidi. Habari hiyo ni sahihi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume wetu (s.a.w.) aliwahesabu katika mashahidi mtu aliyekufa maji na mtu aliyefukiwa na kifusi. Nasi tunaokaa baina ya ziwa na machimbo ya dhahabu twazijua aina hizo mbili za mauti. Lakini hatuna budi kuulizana: je, bishara hiyo imekuja ili mfiwa apate subira, au imekuja ili mzazi apate udhuru wa kukaa bure?

Jawabu haifichiki. Qurani Tukufu, katika Sura ya Al-Baqara, imetukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe. Na yule bwana aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu, aliamrishwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Hadithi hiyo ameipokea Tirmidhi. Basi malipo ya aliyekwisha kufa hayamwondolei aliye hai wajibu wa kulinda roho zilizobaki.

Huenda mtu wa Shinyanga akasema kwamba nchi yetu ni kavu, na habari za kuogelea ni za watu wa pwani. Hasemi kweli. Mkoa wa Geita umepakana na Ziwa Viktoria, na watu wa Chato na Nkome hupata riziki zao humo kila siku. Maji ya ziwa hilo yameletwa kwa mabomba mpaka Kahama na Shinyanga, hata twaweza kusema kwamba ziwa tunalinywa majumbani mwetu ilhali hatujui kuelea juu yake. Tena mvua zianzapo mwezi wa Novemba, malambo ya kunyweshea ng'ombe hujaa, mito iliyokuwa mchanga mtupu hupita kwa nguvu, na mashimo yaliyoachwa na wachimbaji hugeuka visima visivyo na ukingo. Mtoto huona maji matulivu, wala haoni kina chake.

Tukumbuke pia misiba mikubwa ya ziwa letu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikielekea Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara. Kivuko hicho kilitengenezwa kuchukua watu 101, lakini waliokufa peke yao walikuwa 228. Hatusemi kwamba kuogelea kungewaokoa wote, kwani aliyefunikwa na chombo hafaidiwi sana na mikono yake, na dawa ya kwanza ni chombo kisijazwe kupita kiasi. Lakini ajuaye kuelea ana nafasi ambayo asiyejua hana. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, wengi wao katika nchi za kipato kidogo na cha kati kama yetu. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliiweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kila mwaka ya kukumbusha watu juu ya janga hili.

Dini yetu haikungoja ukumbusho huo. Imepokewa na An-Nasai kwamba Mtume (s.a.w.) alitaja kujifunza kuogelea miongoni mwa michezo michache isiyohesabiwa kuwa upuuzi. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) husimuliwa kuwa aliwahimiza wazazi kuwafundisha watoto wao kuogelea, pamoja na kutupa mishale na kupanda farasi. Na katika Sahihi Muslim tumefundishwa kwamba Muumini mwenye nguvu hupendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko aliye dhaifu, ingawa wote wawili wana heri.

Vijana wetu wa leo huona katika simu zao watu waliosimama juu ya ubao wakiteleza juu ya mawimbi, au wale wa Paje, kule Unguja, wanaovutwa baharini na tiara. Nao hutamani kufanya vivyo hivyo watakapokwenda pwani. Kutamani si vibaya. Lakini kijana huona wimbi, haoni miezi ya kujitayarisha iliyotangulia. Katika Australia, kwenye pwani ya Cronulla, kulitokea fujo kubwa mwezi wa Desemba 2005, vijana wenye asili ya Kiarabu wakapigwa. Baada ya hapo chama cha waokoaji wa pwani kiliwaita vijana wa Kiislamu wajiunge na kazi ya kulinda waogeleaji. Miongoni mwao alikuwa msichana Mecca Laalaa, aliyefuzu mwaka 2007, naye aliifanya kazi hiyo akiwa amejisitiri kwa vazi la kuogelea lililobuniwa na Bibi Aheda Zanetti. Anayetaka cheti cha uokoaji huko hutakiwa aogelee mita 400 kwa dakika zisizozidi 9. Kazi hiyo haifanyiki kwa ushujaa wa siku moja.

Kwa hiyo tunashauri kiangazi, tangu Juni mpaka Oktoba, kiwe wakati wa matayarisho. Pamba imekwisha kuvunwa, mashimo yamekauka, na kijana ana nafasi. Mwezi wa kwanza na aanze baada ya sala ya Alfajiri, kabla jua halijawa kali, kwa kutembea upesi na kukimbia polepole kwa dakika 20, siku tatu au nne katika juma. Mwezi wa pili azidishe mwendo, na aongeze kujiinua kwa mikono akiwa kifudifudi, na kuchuchumaa na kusimama, mara 10 kisha apumzike, kisha arudie. Mwezi wa tatu ajizoeze kulala kifudifudi kisha kuruka asimame kwa miguu miwili kwa pigo moja, kwani hiyo ndiyo harakati ya mpanda mawimbi anapoinuka juu ya ubao wake. Ajizoeze vilevile kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba. Aliye mgonjwa wa moyo au kifua amwulize daktari kwanza.

Na kijana wa machimboni asidanganyike na misuli yake. Kubeba mifuko ya mawe kutoka katika duara humpa mabega mapana, lakini maji hutaka pumzi, na vumbi la mawe ni adui wa mapafu. Twaona hodari wa sururu akikimbia robo saa akahema, na mwembamba mwenzake akimpita. Kila kiungo kina haki yake.

Lipo jambo moja tunalionya kwa nguvu. Vijana hushindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu zaidi, na kabla ya kuzama huhema upesi upesi ili wajaze pumzi. Kufanya hivyo hakuongezi hewa ya kutosha mwilini. Hupunguza tu ile hewa chafu ambayo ndiyo humwashiria mtu kwamba sasa lazima apumue. Matokeo yake mtu huzimia chini ya maji bila kuhisi dalili, akafa kimya huku wenzake wakimhesabia muda.

Mafunzo ya majini yenyewe yafanywe mahali pa salama, mbele ya mtu mzima ajuaye kuogelea. Bwawa lililojengwa, lenye maji yaliyotiwa dawa, ni bora. Mashimo ya machimbo yasiguswe kabisa: kingo zake hubomoka, na maji yake yaweza kuwa na zebaki na sumu nyingine za kusafishia dhahabu. Ziwani kuna mamba na viboko, na penye majani na maji yaliyotulia kuna konokono waletao kichocho, ambacho huingia kwa ngozi. Aliyeoga huko aende zahanati akapimwe, kwani dawa yake ipo. Somo la kwanza liwe kuelea chali na kupumua kwa utulivu. Mfa maji haachi kutapatapa, na kutapatapa ndiko kunakomchosha. Anayejua kulala juu ya maji hupata muda wa kuokolewa.

Wala tusiwasahau mabinti zetu, maana wao ndio hutumwa mara nyingi kuteka maji. Kaskazini ya Unguja, mradi uitwao Panje Project umewafundisha wanawake na wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili. Basi stara si kizuizi. Yatakikana mwalimu mwanamke, mahali pasipopitwa na wanaume, na nguo nyepesi iliyobana kiasi, kwani kanga na baibui zikilowa huwa mzigo wa kumvuta mtu chini. Wavulana nao wavae kaptula zinazofunika magoti, wasidhani kwamba stara ni ya dada zao tu.

Mwisho, kila nyumba ijue namna ya kumwokoa mtu. Asiyejua kuogelea asijirushe majini, maana badala ya maiti moja watapatikana wawili. Anyooshe mti mrefu, arushe kamba, au atupe dumu tupu lililofungwa kifuniko vizuri. Dumu la lita 20 laweza kumshikilia mtu juu ya maji. Akishatolewa asiningʼinizwe kichwa chini wala asikandamizwe tumbo. Ikiwa hapumui apulizwe pumzi kinywani na kukandamizwa kifua kwa mtu aliyefundishwa, huku akikimbizwa hospitali.

Tunawaomba wazee na walimu wa vyuo wakutane mwezi wa Juni usijapita, wahesabu mashimo na malambo yaliyo karibu na nyumba zao, wayazungushie miiba au uzio, na wachague mtu mmoja mwaminifu wa kuwafunza watoto. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Mvua zitakuja kwa wakati wake kama zilivyokuja mwaka jana.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia kwa maji na kwa kifusi, awape daraja aliyowaahidi, na atuwezeshe sisi kuzihifadhi amana alizotupa. Amin.