Vichochoro vya Mji Mkongwe na Ramani ya Ubongoni

Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, una vichochoro vinavyopinda kila zinapopinda kuta za nyumba, hata mtu atokaye Darajani kwenda Shangani haoni mbele zaidi ya kona inayofuata. Mwenyeji hupita humo kwa kushika alama: baraza iliyomeguka ukingo, mlango wenye misumari ya shaba, kilele cha kanisa la Minara Miwili kinachochungulia juu ya mapaa.

Kazi hiyo hutegemea sana hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, moja kila upande, ambayo wataalamu wa zamani waliifananisha na farasi wa baharini. Mwaka 1971 John O'Keefe, akiwa London, alieleza seli za mahali, yaani seli za neva katika hipokampasi ya panya ambazo kila moja huamka mnyama afikapo pahala pake mahususi. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Simu janja, ambayo hupokea mawimbi ya setilaiti na kumwelekeza mtu apinde kushoto au kulia, huipokonya hipokampasi kazi yake. Katika jaribio la University College London lililochapishwa mwaka 2017, watu 24 walitafuta njia ndani ya filamu ya mitaa ya Soho huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipojitafutia wenyewe, hipokampasi ilichangamka kila walipoingia mtaa wenye njia panda nyingi. Walipofuata maelekezo ya chombo, ilitulia kana kwamba mtaa haukubadilika. Jambo hili lina uzito wa pekee Unguja, kwa kuwa Mji Mkongwe ni njia panda juu ya njia panda.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, waliowapima tena madereva 13 baada ya miaka mitatu, walikuta kwamba waliozidi kutegemea chombo cha kuelekeza njia ndio waliopungukiwa zaidi na kumbukumbu ya mahali. Idadi hiyo ni ndogo, lakini matokeo hayo yanapaswa kuwashughulisha wazazi, kwani hipokampasi hulelewa kwa matumizi: Eleanor Maguire na wenzake walikwisha kuonyesha, mwaka 2000, kwamba sehemu yake ya nyuma ni kubwa zaidi kwa madereva wa teksi wa London, wanaohifadhi maelfu ya mitaa kichwani.

Mtoto wa mtaa wa Kiponda, humo Mji Mkongwe, anayetumwa mkate wa mofa, akaambiwa tu apite nyuma ya msikiti na kukata kwenye baraza ya wazee, huichora ramani ya mji ubongoni kwa miguu yake. Kwanza hukariri njia moja. Kisha, siku anapokuta uchochoro umezibwa na kifusi cha nyumba iliyoporomoka, huingia upenyo asiowahi kuupita, akatokea mlangoni kwao na mkate ungali moto.