Tshangalele: Mgongo wa mvuvi uchungwe kabla haujauma

Kwenye ziwa Tshangalele, karibu na Likasi, samaki hutoka majini kwa nguvu za mgongo. Mvuvi anainama mtumbwini akivuta wavu uliojaa maji. Ukingoni, mama anajitwika beseni. Ndivyo kazi ilivyo kwenye ziwa hili, lililotokea mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha lilipozuia mto Lufira.

Wengi hungoja maumivu ndipo watafute dawa. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilihesabu watu milioni 619 wenye maumivu ya kiuno mwaka 2020.

Kujikinga hakuombi pesa nyingi: kunja magoti, shika mzigo karibu na kifua, usizungushe kiuno ukiwa umebeba, gawa gunia mara mbili. Ugumu uko hapo kwenye kugawa. Anayelipwa kwa gunia hapendi safari mbili! Tangu 1967, Shirika la Kazi Duniani linashauri mwanaume asibebe zaidi ya kilo 55, lakini nani anapima gunia la makala kabla ya kulipandisha begani?

Na mkanda wa kiunoni? Desemba 2023, OMS ilishauri usitumiwe kutibu maumivu ya muda mrefu. Mazoezi ya mwili ndiyo yanayosaidia.

Miguu ikilegea au mkojo ukitoka wenyewe, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Maumivu yakija na homa na kukonda, asikawie kupimwa: kifua kikuu nacho hula pingili za mgongo.