Mkoromo Nyuma ya Mabati
Makala ya afya: sehemu ya pili

Wiki iliyopita tuliangalia usingizi wenyewe ulivyo, na kwa nini chai ya rangi au fungu la muguka haviwezi kushika nafasi yake. Leo tunaingia kwenye jambo ambalo mitaani huchekewa tu: kukoroma.

Anayeishi Laini Saba au Gatwekera kule Kibera, au Gatina au Congo kule Kawangware, hana haja ya kuelezwa mkoromo unavyosafiri. Chumba ni futi kumi kwa kumi. Kitanda kiko nyuma ya pazia, godoro la watoto hutandikwa sakafuni stovu ikishasogezwa, na kinachotenganisha mto wako na mto wa jirani ni bati moja lenye matundu ya misumari. Asubuhi, mitungi ikiwa foleni kwenye mfereji, aliyekoroma hupewa zake: "Baba Boi, jana umetukesha." Watu hucheka, naye hucheka, yakaisha. Lakini siku nyingine jirani huongeza: "Halafu kuna mahali ulinyamaza kabisa. Nikamwambia mama watoto, huyu leo ametuacha. Mara ukashtuka kwa kishindo, ukaanza upya."

Hayo ya mwisho si ya kuchekesha. Daktari akiyasikia huyaandika kwenye faili, kwa sababu ndiyo dalili kubwa ya apnia ya usingizi, yaani kukatikiwa na pumzi ukiwa umelala. Mwenye ugonjwa huu hajisikii. Kule kwenye nyumba za mawe na vyumba vya kila mtu peke yake, mtu anaweza kukatikiwa na pumzi miaka kumi bila yeyote kujua. Kibera na Kawangware zina shida nyingi, ila kwa hili zimejaliwa mashahidi.

Mkoromo hutokeaje? Ukilala, misuli ya mwili hulegea, na ya koo pia. Kaakaa laini, kidaka tonge na shina la ulimi hushuka nyuma, njia ya hewa ikawa nyembamba. Hewa ikilazimishwa kupita mahali pembamba huenda kwa kasi, na nyama hizo laini hutikisika. Kutikisika huko ndiko mkoromo. Wengi wanaokoroma hawana ugonjwa. Wamechoka, wana mafua, wamelala chali, au jioni walipitia kwa mama pima.

Kwa wengine njia haiishii kuwa nyembamba, hufunga. Umewahi kunyonya maziwa ya pakiti kwa mrija mpaka pakiti ikabonyea na kushikana? Koo hufanya hivyo hivyo: kadiri kifua kinavyovuta, ndivyo kuta zinavyozidi kukutana. Kifua na tumbo vinapanda na kushuka, lakini hewa haiingii. Oksijeni ya damu hushuka. Ubongo unapogundua hatari humwamsha mtu nusunusu, misuli ikakaza, koo likafunguka kwa ule mshtuko aliousikia jirani. Halafu usingizi humchukua tena, na yote yanajirudia. Asubuhi hakumbuki lolote. Anachojua ni kwamba amelala saa nane na ameamka na kichwa kizito, mdomo mkavu, amechoka kuliko alivyolala. Wachache huamka kabisa wakitafuta pumzi, na hao mara nyingi husema wamekabwa na jinamizi, wakaombewa. Sina ugomvi na maombi, mradi asiachwe hapo.

Wataalamu huhesabu kila hewa inapokatika, au kupungua sana, kwa sekunde 10 au zaidi. Ikitokea chini ya mara 5 kwa saa, mtu mzima huhesabiwa mzima. Kati ya 5 na 15 ni apnia nyepesi, 15 hadi 30 ni ya wastani, na kuanzia 30 ni kali. Fikiria mara 30 kwa saa, kwa saa saba. Makadirio yaliyochapishwa 2019 yalisema watu wazima wapatao milioni 936 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, wana ugonjwa huu kwa kiwango fulani. Ipo pia aina nyingine, ambayo koo liko wazi lakini ubongo hautoi amri ya kupumua. Hiyo huwapata zaidi wenye moyo uliochoka, waliopata kiharusi au wanaotumia dawa kali za maumivu. Hatutakaa hapo leo.

Tukae kwenye presha. Kila pumzi inapokatika, mwili hujiona uko vitani: moyo hukimbia, mishipa hujikaza, shinikizo la damu hupanda. Usiku ulikuwa wakati wa mishipa kupumzika, sasa umegeuka zamu ya pili. Baada ya miezi na miaka, presha haishuki hata mchana, na nyuma yake hufuata kiharusi na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanywa Kibera miongoni mwa watu wa miaka 35 hadi 64. Karibu 30 kwa kila 100 walikuwa na presha, na kati ya hao zaidi ya thuluthi moja hawakuwa na habari. Huko Toronto, Kanada, madaktari walichukua wagonjwa 41 ambao presha yao ilikataa kushuka hata kwa dawa tatu au zaidi kwa pamoja. Walipowapima usingizini, asilimia 83 walikuwa na apnia. Hiyo ilikuwa 2001. Mpaka leo, mgonjwa wa presha katika kliniki zetu huulizwa kuhusu chumvi, sigara na kama amemeza dawa. Ni nadra kuulizwa analalaje. Kwa maoni yangu swali hilo lingefaa kuandikwa kwenye kadi ya kliniki, maana halina gharama.

Dalili nyingine mtaani huhusishwa na kisukari au tezi dume peke yake: kukojoa usiku. Kifua kinapovuta kwa nguvu huku koo limefungwa, vyumba vya moyo hutanuka. Moyo hudhani damu imezidi maji, hutuma homoni kwenye figo, figo hutii. Kwa hiyo mtu huamka mara tatu, mara nne. Panapo choo cha ndani hilo ni usumbufu tu. Kwa mama wa Lindi au Silanga, Kibera, choo kiko mwisho wa kichochoro, pengine kimefungwa kufuli, na kutoka saa nane usiku ni kujitafutia balaa. Hutumia ndoo. Ukiona ndoo inajaa kuliko zamani na kisukari kimepimwa hakipo, uliza kuhusu mkoromo.

Kisha kuna usingizi wa mchana. Jioni ukisimama barabara inayotoka Kawangware kwenda Lavington utawaona masoja wakienda kazini kwa miguu, koti begani. Asubuhi hurudi kulala chini ya mabati yanayoanza kuchemka saa nne. Hao tayari usingizi wao ni wa kuokoteza. Mwenye apnia miongoni mwao hana usingizi kabisa, ingawa yuko kitandani. Siku akikutwa amesinzia getini huandikiwa onyo, ya pili hufutwa, na kila mtu anakubali kwamba ni mvivu. Dereva wa matatu naye hutafuna muguka ili macho yasifumbe. Muguka humweka macho lakini haufungui koo, na usiku hulala vibaya zaidi. Watafiti wa nchi mbalimbali wamekubaliana kwamba dereva mwenye apnia isiyotibiwa ana uwezekano wa kupata ajali zaidi ya mara mbili ya mwenzake.

Mwaka 1991 daktari mmoja wa Melbourne, Murray Johns, alitunga maswali manane ya kupima usingizi wa mchana. Unajipa alama 0 hadi 3 kwa uwezekano wa kusinzia ukiwa unasoma, unatazama televisheni, umekaa baada ya chakula cha mchana, na kadhalika. Jumla ya alama ikipita 10, muone daktari. Moja ya hali hizo ni kuwa abiria kwenye gari kwa saa nzima. Nairobi hilo halitusaidii sana. Kwenye foleni ya Ngong Road gari zima husinzia. Swali linalotenganisha watu ni lingine: je, unaweza kusinzia ukiwa umekaa unaongea na mtu?

Nani yuko hatarini? Wanaume kuliko wanawake, waliopita miaka 50, wanene, na wenye shingo nene. Kipimo cha shingo kinachotumika sana ni sentimita 40, karibu inchi 16. Fundi cherehani yeyote atakupima kwa futi yake, au ukienda Toi Market kwenye mashati ya mitumba, angalia namba iliyoandikwa ndani ya kola inayokutosha. Ila mtu mwembamba asijitoe. Taya dogo lililorudi nyuma, pua iliyoziba au mafindofindo makubwa hufunga koo hata kwa mwenye kilo 55. Wanawake nao husahaulika kwa sababu wengi hawakoromi kwa kishindo. Hulalamikia uchovu, kuumwa kichwa na kukosa usingizi, wakaambiwa ni mawazo. Baada ya kukoma hedhi hatari yao hupanda. Mjamzito aliyeanza kukoroma kwa nguvu amwambie muuguzi wa kliniki, kwa kuwa jambo hilo limeonekana kuandamana na presha ya ujauzito.

Sasa la kufanya. Tuanze na yasiyohitaji pesa. Kwa watu wengi, kulala chali ndiko kunakoangusha ulimi nyuma, kwa hiyo lala ubavu. Mwili ukilala haukumbuki maagizo, basi ukumbushe: shona mfuko mgongoni mwa fulana kuukuu, utie mpira mdogo. Ule wa juala wanaochezea watoto ukikazwa vizuri unatosha. Kila ukigeuka chali, utakuchoma ugeuke tena. Inua upande wa kichwa wa kitanda kwa matofali. Mito miwili haifanyi kazi hiyo, hukunja shingo tu. Acha pombe saa kadhaa kabla ya kulala. Chang'aa, keg au divai ya sherehe, zote hulegeza koo na kuchelewesha ubongo kuamka. Vivyo hivyo tembe za usingizi. Na wanaomeza Piriton kila usiku ili walale wajadiliane kwanza na mfamasia. Moshi wa sigara, na wa jiko au stovu katika chumba kisicho na dirisha, huvimbisha pua na koo. Toa jiko nje kila inapowezekana. Uzito nao una hesabu yake: utafiti wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa 2000 ulionyesha kwamba aliyepungua asilimia 10 ya uzito alitarajiwa kupunguza kukatika kwa pumzi kwa takriban robo. Dawa za "kukata mkoromo" zinazotangazwa ndani ya matatu zipite na mwenyewe.

Kuna na lile la Uswisi, ambalo nalipenda. Mwaka 2006 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha jaribio la wagonjwa 25: baadhi walifundishwa kupuliza didgeridoo, lile zumari refu la wenyeji wa Australia, kwa miezi minne. Misuli ya koo ilipata mazoezi, usingizi wa mchana ukapungua, hata wenzi wao wakasema sasa wanalala. Kama tarumbeta za makanisani zina faida hiyo, hakuna aliyepima.

Kwa apnia ya wastani au kali, hayo hayatoshi. Tiba kuu ni mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa ya puani, hewa yenye nguvu kidogo inayozuia koo kufunga. Aliyeibuni ni Colin Sullivan wa Sydney, aliyeichapisha 1981. Ya kwanza aliiunda kwa mota ya mashine ya kufyonza vumbi. Kabla yake, tiba ya uhakika ilikuwa kutoboa koo. Mashine hii huleta nafuu hata usiku wa kwanza, lakini bei yake ni makumi ya maelfu ya shilingi, na inataka umeme mpaka asubuhi. Stima ya sambaza inayokatika kila mvua inyeshapo haiiwezi bila betri. Nisingependa msomaji auze cherehani kununua mashine kabla ya kupimwa. Kipo pia kifaa cha mdomoni, kinachotengenezwa na daktari wa meno, cha kuvuta taya la chini mbele; hufaa apnia nyepesi na ya wastani. Marekani iliidhinisha sindano ya kupunguza uzito kwa wagonjwa wanene wa apnia mwishoni mwa 2024. Bei yake haijashuka mpaka huku kwetu.

Pa kuanzia ni karibu. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanatembea na mikoba yenye kipimo cha presha. Akifika mlangoni, pimwa, kisha mweleze unavyolala. Kibera iko zahanati ya Kibera South, iliyojengwa na Madaktari Wasio na Mipaka wakaikabidhi kaunti 2017. Kawangware wana ya Riruta. Rufaa ya huko juu ni Mbagathi au Kenyatta. Kipimo kamili cha kulala hospitalini na nyaya kichwani ni ghali, lakini uliza kuhusu kile kidogo cha kulala nacho nyumbani, chenye kishikio cha kidole kama kile tulichokizoea wakati wa Korona, kinachorekodi oksijeni usiku kucha.

Usiende peke yako. Nenda na anayekusikia, mke, mume, au huyo jirani wa bati la pili. Akishindwa kuja, mwombe mwenzako akurekodi kwa simu nusu saa usiku wa manane na uipeleke sauti hiyo. Na ukipangiwa upasuaji wowote, hata wa ngiri, mwambie daktari wa nusukaputi kwamba hukatikiwa na pumzi usingizini, kabla hajakulaza.

Wiki ijayo tutageukia watoto wanaolala midomo wazi na kukojoa kitandani wakiwa darasa la tatu, tuone adenoidi na mafindofindo yanavyohusika, na kwa nini mwenye selimundu anayekoroma asisubiri.