Vumbi la serikali, moshi wa nani?

Mvua zikikatika Butembo na Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, vumbi la barabara za udongo hupanda nyuma ya kila pikipiki na kutua juu ya nyanya sokoni na nguo zilizoanikwa. Ni rahisi kuuliza kodi zinaenda wapi. Jioni babula, yaani majiko ya makaa, zikiwashwa, moshi wake haumfikishi mtu ofisi ya meya. Unahesabiwa kuwa jambo la jikoni. Hapo ndipo tunapokosea tukiupima utawala wa mazingira: tunaidai serikali iwajibike kwa uchafu tunaouona, na kuisamehe ule unaopenya zaidi mwilini.

Vumbi la barabarani kwa sehemu kubwa ni chembe nene zinazonaswa puani na kooni. Si la kudharauliwa, maana huchochea pumu. Lakini kuni na makaa yakiungua hutoa chembe zisizofikia mikromita 2.5, ambazo hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia kwenye damu. Makaa yana hila zaidi: yakishika moto vizuri huonekana hayana moshi, kumbe yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5.

Jiko kuwa la mtu binafsi hakuiondolei serikali wajibu. Mama hanunui makaa kwa kupenda masizi. Hununua kwa sababu umeme haujamfikia, au umemfikia kwa bei asiyoimudu. Bei ya umeme na usimamizi wa misitu ni maamuzi ya utawala sawa na ukarabati wa barabara. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, wala hakisemi haki hiyo inakoma mlangoni mwa jiko.

Atakayepinga atasema: watu wanauawa Beni tangu 2014, nani ana nafasi ya kujadili moshi? Usalama kweli hutangulia. Hata hivyo familia zinazokimbia vijiji hubanana katika nyumba za mjini, na moshi wa babula moja huvutwa na watu wengi zaidi. Pingamizi zito zaidi ni la imani kwa viongozi. Mnamo Septemba 2018, Ebola ikiendelea, watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Chini ya theluthi moja waliamini kwamba viongozi wa mahali wanatetea maslahi yao, na wasioamini walielekea zaidi kukataa chanjo. Kampeni ya moshi ikishushwa kutoka juu itapokewa vivyo hivyo, hasa ikianza kwa kuwafukuza wauza makaa.

Kwa hiyo vipimo vitangulie amri. Tangu 2015, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, umekuwa ukiunda vipima hewa vya bei nafuu. Vifaa vya namna hiyo vikisimamiwa na vyuo, parokia na vikundi vya akina mama wa Butembo na Beni, na matokeo yakitangazwa redioni kila wiki, wakaaji watakuwa na takwimu zao wenyewe za kuidai serikali umeme wa bei nafuu, kama wanavyoidai barabara.