Mwenye Kwao Kuwili Aandike Kabila Gani?

Rongo ni mji wa mpakani. Ukiishika barabara ya kwenda Kisii, baada ya mwendo mfupi tu unaiacha Kaunti ya Migori na kuingia katika nchi ya Abagusii. Ukigeuka kuelekea Awendo, unajikuta katikati ya mashamba ya miwa ya Waluo. Siku ya soko, Dholuo na Ekegusii husikika katika kibanda kimoja, na aghalabu katika kinywa kimoja. Watu waliouziana ndizi na samaki miaka nenda miaka rudi hawakosi kuoana, na wakioana hawakosi kuzaa. Ndipo linapozuka suala ambalo ningependa tulitafakari: mtoto wa baba Mluo na mama Mkisii, akipewa fomu yenye nafasi moja ya kabila, aandike nini?

Wapo watakaosema kwamba mila za pande zote mbili zimekwisha kulijibu swali hilo: mtoto ni wa baba. Siidharau mila. Hata hivyo, mila hiyo ilihusu ardhi, urithi na mahali pa kuzikwa. Haikuwekwa kwa ajili ya karatasi za serikali. Isitoshe, yuko mtoto aliyelelewa na wajomba zake, asiyejua hata salamu katika lugha ya babake. Yuko pia aliyezaliwa na mama asiyeolewa. Wahenga walinena kwamba mkataa kwao mtumwa, lakini hawakutuambia mwenye kwao kuwili afanyeje.

Sheria ni pana kuliko tunavyodhani. Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, inataka rejista ionyeshe kabila au asili ambayo mtu ameitaja. Haisemi kwamba lazima liwe kabila la baba. Nayo Katiba ya 2010, katika Ibara ya 14, inatamka kwamba mtu ni raia kwa kuzaliwa iwapo mama au baba yake ni raia. Ikiwa mama anatosha kumpa mtoto Ukenya, kwa nini asitoshe kumpa Ukisii?

Wala kabila si jiwe lisilobadilika. Watazameni jirani zetu Wasuba. Wazee wao walilivuka Ziwa kutoka upande wa Uganda, wakakaa Mfangano, Rusinga na Gwassi. Vizazi vilivyofuata viliingia katika Dholuo na wengi wakahesabiwa kuwa Waluo. Marehemu Tom Mboya, ambaye jamaa zake walikuwa wa Rusinga, alijulikana nchini kote kuwa kiongozi Mluo. Sensa ya 2009 ilihesabu Wasuba 139,271. Ile ya 2019 ilihesabu 157,787. Yamkini wako ndugu wa tumbo moja, huyu kajitaja Msuba na yule Mluo, na hakuna aliyesema uongo. Katika sensa hiyo ya 2009, watu 610,122 waliandikwa kuwa Wakenya tu, bila ya kabila.

Nakiri kwamba serikali ina sababu ya kuuliza. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuajiri zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja, na haki hiyo haiwezi kupimwa bila hesabu. Lakini hatari nayo ipo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walisimamishwa vizuizini, vitambulisho vyao vikakaguliwa, na ingawa kabila halichapishwi humo, jina pekee lilitosha kumponza mtu. Nchini Rwanda kabila lilichapishwa kwenye kitambulisho, mtoto akiandikwa kwa kumfuata baba, na mwaka 1994 kadi hiyo ikawa hukumu ya kifo. Tanzania iliacha kuuliza kabila katika sensa zake baada ya ile ya 1967, na haijapungukiwa na utaifa.

Nionavyo mimi, pasipo haja ya kabila lisiulizwe, na panapo haja fomu iwe na nafasi mbili. Wakati tukingojea hayo, kuna kazi iliyo mikononi mwetu walimu. Sisi ndio tunaowajazia wanafunzi fomu nyingi, na ni desturi yetu kulisoma jina la ukoo kisha kuandika kabila bila ya kumwuliza mwenyewe. Kwa kalamu hiyo moja tunamfuta mama aliyemzaa na kumlea mtoto yule. Tumwulize kwanza.

Nanyi wanafunzi, mnaijua alama ya mkwaju, mmefunzwa matumizi yake darasani. Nafasi ikiwa moja na makabila yakiwa mawili, yaandikeni yote, mkwaju katikati. Karani akikataa, mwulizeni kwa adabu ni sheria gani inayomkataza.