Fahamu: Romingi ni nini, na kwa nini humaliza salio haraka?

Romingi huiwezesha laini yako kutumia minara ya kampuni nyingine ukiwa nje ya nchi. Kampuni hiyo huidai ya kwako, nayo hukukata wewe.

Afrika Mashariki

Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha Eneo la Mtandao Mmoja: kupokea simu za ukanda huo bure, kupiga kwa bei yenye ukomo. Lengo lilikuwa simu za sauti. Data ndiyo inayowaumiza wasafiri.

Kupunguza gharama

Zima data ya romingi kabla ya kuondoka, maana programu hujisasisha zenyewe. Nunua laini ya huko au eSIM (laini isiyo na kadi ya kuchomeka), lakini usiitupe ya nyumbani: benki hutuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo, na kupokea SMS kwa kawaida ni bure.