Baruti moja, bunduki mbili: jinsi kipimo na masizi vilivyoamua shabaha kando ya Ziwa Tanganyika

Neno mugobore halihitaji kufafanuliwa nchini Burundi. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993, ndilo jina lililopewa bunduki za kienyeji zilizoundwa kwa kipande cha bomba la chuma na kitako cha mti. Mswahili wa Buyenzi, jijini Bujumbura, au wa Rumonge kando ya ziwa, hulisikia neno hilo na kutambua papo hapo undugu wake na gobori, bunduki ya kushindiliwa kwa mdomo ambayo misafara ya karne ya 19 iliibeba kutoka pwani hadi Ujiji, Uvira na nchi za ng'ambo ya ziwa.

Gobori limeacha sifa ya kishindo kikubwa na shabaha ndogo. Hata hivyo, baruti iliyotiwa ndani yake ilikuwa ya jamii ileile na baruti ya bunduki za Mauser za mwaka 1871, ambazo askari wa jeshi la Kijerumani walizibeba katika Afrika Mashariki. Kwa gobori, kumpata mtu aliye umbali wa mita 100 kulikuwa kama bahati nasibu. Kwa Mauser, mpigaji aliyefunzwa aliweza kulenga mbali mara kadhaa zaidi ya hapo. Nguvu ya baruti peke yake haielezi tofauti hiyo. Jibu linapatikana katika umbo la mtutu, na katika namna baruti ilivyopimwa, ilivyofungwa na ilivyosafishwa.

Kinachotokea ndani ya mtutu

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Inapowaka, sehemu yake hugeuka hewa yenye joto kali, na hewa hiyo ndiyo inayoisukuma risasi. Lakini zaidi ya nusu ya uzito wake, takriban asilimia 55, haigeuki hewa. Hubaki kuwa chembe ngumu, ambazo nyingine hutoka kama wingu jeupe la moshi na nyingine huganda ndani ya mtutu kama masizi.

Masizi hayo ndiyo adui mkuu wa shabaha. Yana tabia ya kuvuta unyevu wa hewa. Wakati wa mvua hulainika na kuteleza; wakati wa kiangazi, hewa inapokuwa kavu na mtutu una joto, hukauka na kuwa magumu. Kwa hiyo kila risasi inayopigwa hubadilisha njia ambayo risasi inayofuata itapita. Mpigaji anaweza kuwa na jicho kali na mkono mtulivu, lakini asipojua kuyadhibiti masizi, risasi yake ya kumi haitafuata njia ya risasi yake ya kwanza.

Udhaifu wa gobori

Mtutu wa gobori ulikuwa laini ndani kama bomba. Risasi yake ilikuwa kigololi cha madini ya risasi, na ilikuwa lazima kiwe kidogo kuliko tundu la mtutu ili kiweze kushuka hata baada ya masizi kuanza kujaa. Nafasi hiyo ndogo ilileta hasara mbili. Hewa ya baruti ilivuja kandokando ya kigololi, na kigololi chenyewe kiligonga kuta za mtutu huku na huku kikielekea nje. Mwelekeo wake ulitegemea sana ukuta uliokigusa mwisho.

Upakiaji nao uliongeza mashaka. Mara nyingi baruti ilimiminwa kwa kukadiria, ikafuatwa na kitambaa au nyuzi za mmea, kisha ikashindiliwa kwa mdeki. Mkono mmoja ulishindilia kwa nguvu, mwingine kwa haraka. Katika bunduki ya gumegume, cheche za jiwe zilipaswa kwanza kuwasha baruti kidogo iliyokuwa nje ya mtutu, mahali ambapo upepo au manyunyu yangeweza kuiharibu. Hata mtu aliyezoea alihitaji karibu nusu dakika kabla ya kupiga tena.

Udhaifu huo unasaidia kuelewa sehemu ya historia ya Burundi. Katika miaka ya 1880, Mohammed bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza na ambaye ngome yake ilikuwa Ujiji, alijaribu kupanua mamlaka yake hadi Burundi. Wapiganaji wa Mwami Mwezi Gisabo walimzuia, ingawa silaha zao zilikuwa hasa mikuki, pinde na mishale. Ushindi huo una sababu zaidi ya moja, zikiwemo milima na mpangilio wa ufalme. Lakini katika vita vya karibu, nusu dakika ya kushindilia gobori ni muda mrefu mbele ya mtu mwenye mkuki anayekuja mbio.

Kiasi cha bunduki

Kiswahili cha zamani kilikuwa na jina la risasi iliyofungwa tayari pamoja na baruti yake: kiasi cha bunduki. Jina hilo linaeleza ufundi wote kwa neno moja, kwa kuwa ganda la shaba lilihifadhi kipimo. Kiasi cha Mauser ya mwaka 1871 kilibeba takriban gramu 5 za baruti nyeusi na risasi ya gramu 25, yenye unene wa milimita 11. Ganda lilipanuka baruti ilipowaka na kuziba nyuma ya bunduki, hivyo hewa yote ikaenda mbele. Mtutu ulikuwa na mifereji iliyojipinda ndani yake, ambayo iliizungusha risasi kama pia inavyozunguka, na mzunguko huo uliifanya ishike njia yake angani.

Kati ya baruti na risasi paliwekwa nta. Nta ya nyuki, ambayo Unyamwezi iliiuza nje kwa wingi enzi za utawala wa Kijerumani, ilikuwa na kazi ya kuyalainisha masizi. Risasi yenyewe ilizungushiwa karatasi ili madini yake yasijisugue moja kwa moja kwenye chuma na kuacha utando ndani ya mtutu.

Hadi leo, katika nchi ambako sheria inaruhusu, wako wapenzi wa bunduki za mtindo wa kale wanaoshindana kulenga shabaha kwa baruti nyeusi. Wengi wao hujaza maganda wenyewe, na kanuni wanazofuata zinaonyesha kwa nini kiasi kilikuwa na thamani kubwa.

Kanuni ya kwanza ni usawa. Baruti ya ganda moja ipimwe sawa na ya jingine, na punje zake ziwe za ukubwa mmoja, kwa sababu punje ndogo huungua haraka kuliko punje kubwa. Wengine huimimina polepole kupitia bomba refu na jembamba ili punje zipangike vizuri na zisiache mianya.

Kanuni ya pili ni kutoacha nafasi tupu. Baruti nyeusi inapaswa kujaza ganda hadi kufika kwenye kitako cha risasi, au kwenye kidude bapa cha karatasi ngumu kinachowekwa katikati, na ibanwe kidogo. Nafasi tupu huharibu usawa wa mwako, na inaweza hata kuuvimbisha mtutu au kuupasua.

Kanuni ya tatu ni ulaini. Risasi hutengenezwa kwa madini ya risasi yaliyochanganywa na bati kidogo, ikapakwa nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya wanyama au ya mimea.

Kanuni ya nne ni usafi. Kati ya risasi moja na nyingine, mpigaji hupitisha kitambaa chenye unyevu ndani ya mtutu. Wengine, baada ya kufungua bunduki na kuhakikisha kuwa ni tupu, hupuliza pumzi kutoka upande wa nyuma kwa kutumia kijibomba, kwa kuwa mvuke wa pumzi hulainisha masizi. Mazoezi yakiisha, bunduki na maganda huoshwa kwa maji siku hiyohiyo, kwa maana masizi yenye unyevu hula chuma.

Mashindano ya mwaka 1874

Ushahidi mzuri kwamba uangalifu ulikuwa na uzito kuliko aina ya bunduki ulipatikana mbali na Afrika. Mwezi Septemba mwaka 1874, timu ya Marekani na timu ya Ireland zilishindana katika uwanja wa Creedmoor, karibu na New York, kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000, yaani hadi mita 914. Wamarekani walitumia bunduki za Sharps na Remington zilizopakiwa kwa nyuma kwa kiasi cha shaba. Waireland walitumia bunduki za Rigby, zilizoshindiliwa kwa mdomo kama gobori, lakini zenye mifereji ndani na kupakiwa kwa uangalifu mkubwa.

Marekani ilishinda kwa pointi 934 dhidi ya 931. Mmoja wa wapigaji wa Ireland alilenga vizuri, ila kwenye shabaha isiyo yake, na pigo hilo halikuhesabiwa. Kushindilia kwa mdomo, basi, si jambo lililolihukumu gobori peke yake. Gobori lilikosa mtutu wenye mifereji, risasi inayokaa barabara, baruti ya punje zinazolingana na kipimo kisichobadilika.

Mpaka uliochorwa Brussels

Vitu hivyo havikuachwa vimfikie kila mtu. Tarehe 2 Julai mwaka 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kupambana na biashara ya utumwa. Mkataba huo ulizuia kuingizwa kwa bunduki zenye mifereji na risasi zake katika eneo kubwa la Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Burundi na Ziwa Tanganyika lote vilikuwa ndani ya eneo hilo. Kwa masharti maalumu, kilichoweza kuruhusiwa kuuzwa ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji na baruti ya kawaida ya biashara.

Lengo lililotangazwa lilikuwa kuwanyima silaha wafanyabiashara ya watumwa. Matokeo yake yalikwenda mbali zaidi. Majeshi ya kikoloni yalibaki na kiasi cha shaba, na wenyeji wakabakishiwa gobori. Miaka 13 baadaye, mwezi Juni 1903, Mwezi Gisabo, ambaye alikuwa amemzuia Rumaliza, alilazimika kukubali mkataba wa Kiganda na kutambua mamlaka ya Ujerumani.

Moshi uliogeuka mzigo

Teknolojia haikuwasubiri Wajerumani pia. Kuanzia miaka ya 1880, Ulaya ilianza kutumia baruti isiyo na moshi, ambayo haiachi masizi mengi na huirusha risasi kwa kasi kubwa zaidi. Makoloni yalipelekewa silaha zilizoachwa nyuma. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, sehemu kubwa ya askari wa Afrika Mashariki ya Kijerumani bado ilikuwa na Mauser ya mwaka 1871.

Shabaha yao haikuwa imepungua, lakini kila walipopiga, wingu jeupe liliinuka kichakani na kumwonyesha adui mahali walipo. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliueleza udhaifu huo katika kumbukumbu zake za vita. Baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, silaha zilizotekwa kwa Waingereza ziliwezesha baadhi ya kombania kupata bunduki za kisasa. Usumbura, Bujumbura ya leo, yenyewe iliangukia mikononi mwa Wabelgiji mwezi Juni mwaka 1916.

Onyo linalobaki

Kwa msomaji wa leo, somo hili si la vitabuni tu. Bunduki iliyotengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi haistahimili baruti ya kisasa, ambayo kiasi chake kidogo huzaa msukumo mkubwa. Kuibadilisha moja kwa nyingine kunaweza kuulipua mtutu usoni mwa mpigaji. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mugobore, ambao bomba lake halikukusudiwa kubeba moto wala msukumo.

Burundi ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo, inayozitaka serikali za kanda hii kudhibiti utengenezaji na umiliki wa silaha hizo. Anayekuta gobori la babu darini, au kipande cha bomba chenye kitako, hana njia ya kujua kwa macho kama bado kuna baruti ndani. Baruti nyeusi ikikaa kavu huweza kuwaka hata baada ya miaka mingi. Kilicho salama ni kutoligusa, kuwaweka watoto mbali nalo, na kuwaarifu viongozi wa mtaa.